Siwanoy, 1916: Wiki ambayo walimu wa gofu walipata ubingwa wao

(Hotuba kwa wachezaji, walimu na makedi wa klabu, usiku wa kuamkia mashindano ya mtoano)

Ndugu mwenyekiti, nahodha wa klabu, walimu wetu wa gofu, wachezaji wenzangu, na ninyi makedi, wabeba mifuko yetu ya gofu, ambao nimeomba mahsusi mkae viti vya mbele: wakubwa shikamooni, vijana hamjambo.

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameshanionyesha saa yake mara mbili kabla hata sijashika kipaza sauti. Basi niingie moja kwa moja. Nataka niwapeleke Bronxville, kijiji kilicho kaskazini kidogo ya jiji la New York, kwenye kiwanja cha klabu iitwayo Siwanoy. Kuanzia Jumanne tarehe 10 Oktoba 1916 hadi Jumamosi tarehe 14, wachezaji 32 wa kulipwa walipambana pale mmoja kwa mmoja, anayeshindwa anafungasha virago, hadi akabaki mtu mmoja. Huo ndio uliokuwa ubingwa wa kwanza wa chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani, ule ambao leo dunia nzima inaufahamu kwa jina la PGA Championship.

Najua humu ndani wamo waliokuja kwa ajili ya pilau tu, na hawana ugomvi na gofu. Kwao niseme maneno machache. Gofu tunayoiona kwenye televisheni mara nyingi ni ya kuhesabu mikwaju: unacheza mashimo 18, kesho tena 18, wanajumlisha, na mwenye mikwaju michache ndiye bingwa. Hapo hushindani na mtu, unashindana na karatasi. Mchezo wa shimo kwa shimo ni kitu kingine. Mko wawili. Shimo la kwanza ukimaliza kwa mikwaju 4 na mwenzako 5, shimo ni lako, uko mbele kwa moja. Ukiharibu shimo la pili ukapiga 11, umepoteza shimo moja tu, basi, mnaanza upya. Ukiwa mbele kwa mashimo 6 na yamebaki 5, hakuna haja ya kuendelea, mnapeana mikono mnarudi. Ndiyo maana matokeo yanaandikwa 6 kwa 5. Mchezo huu unamfaa mtu jasiri na mtu mwenye hasira za haraka kwa pamoja, jambo ambalo michezo mingi haiwezi.

Sasa, hao 32 walikuwa kina nani? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mwaka 1916 mchezaji wa kulipwa Marekani alikuwa mwajiriwa wa klabu. Asubuhi yuko kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba ya klabu, anabadilisha mpini uliovunjika, anaupiga msasa, anaupaka vanishi, anaufunga uzi pale unapoingia kwenye kichwa cha fimbo. Mipini ilikuwa ya mti wa hikori, si chuma. Chuma kiliruhusiwa baadaye sana, miaka ya 1920. Hikori ina tabia zake. Hakuna mipini miwili inayopinda sawasawa, kwa hiyo fundi alitakiwa aishike, aipinde kwa kiganja, aione inavyorudi, kisha aamue ni ya fimbo ipi na ya mteja yupi. Mchana anamfundisha mke wa mwanachama namna ya kushika fimbo. Jioni anaangalia majani ya grini, yale mafupi yanayozunguka shimo, na kuwagombeza makedi. Klabu nyingi hazikumruhusu kuingia kwa mlango wa mbele, wala kula ukumbini, wala kubadilishia nguo kule wanakobadilishia wanachama. Watu waliomwomba awafundishe ndio hao hao waliomwona hastahili kukaa nao meza moja.

Wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Scotland na Uingereza, vijana waliozaliwa kando ya viwanja vya zamani kama St Andrews, wakavuka bahari kwa sababu klabu zilikuwa zinachipuka Marekani na wenye nazo walitaka mtu mwenye lafudhi ya Scotland awafundishe. Waliozaliwa Marekani kwenyewe ndio kwanza walikuwa wanaanza kuibuka. Mmoja wao ni Walter Hagen wa Rochester, mtoto wa mhunzi, aliyeanza kama kedi. Nitarudi kwake.

Kulikuwa na kidonda kingine. Ubingwa mkubwa wa Marekani, ule wa wazi, uliruhusu wote, wa kulipwa na wa ridhaa. Mwaka 1913 aliutwaa Francis Ouimet, kijana wa miaka 20 wa ridhaa, aliyewashinda Harry Vardon na Ted Ray, vigogo wa Uingereza, kwenye kiwanja cha Brookline. Mwaka 1915 akautwaa Jerome Travers, wa ridhaa pia. Kisha Juni 1916, kule Minikahda, Minneapolis, akautwaa Chick Evans, naye wa ridhaa, kwa mikwaju 286, rekodi mpya. Wa pili alikuwa Jock Hutchison. Wa tatu Jim Barnes. Yashikeni majina hayo mawili.

Fikirieni basi. Hii ndiyo kazi yako, ndiyo inayowalisha wanao. Halafu kwenye mashindano makubwa kuliko yote nchini, katika miaka minne, mara tatu kikombe kimechukuliwa na bwana ambaye gofu kwake ni starehe ya baada ya kazi. Sisemi walidhulumiwa. Evans alicheza vizuri mno. Nasema tu kwamba fundi anayeshindwa na mteja wake hulala vibaya.

Tajiri aliyewapa nafasi alikuwa mwenye duka. Rodman Wanamaker alikuwa mtoto wa John Wanamaker, mwanzilishi wa maduka makubwa ya Philadelphia na New York, na maduka hayo yaliuza vifaa vya gofu. Tarehe 17 Januari 1916 aliwaalika wachezaji wa kulipwa na baadhi ya wachezaji mashuhuri wa ridhaa kwenye chakula cha mchana katika Taplow Club, ndani ya hoteli ya Martinique, New York. Hagen alikuwepo, Ouimet alikuwepo. Hoja ilikuwa moja: wenzenu Uingereza wana chama, ninyi je? Tarehe 10 Aprili mwaka huo huo chama kikazaliwa, na waasisi 35.

Kuna watu husoma habari hii wakabinya midomo: aa, alitaka kuuza mipira yake. Ndiyo, alitaka. Walimu wa klabu ndio walioshauri wanachama wanunue fimbo gani na mpira gani. Mwenye duka aliyekuwa rafiki wa walimu alikuwa rafiki wa soko zima. Mimi silioni kosa. Walioendesha mchezo kwa jina la heshima tupu, bila biashara, ndio waliowapitisha walimu mlango wa nyuma. Mfanyabiashara aliwapigia hesabu, na katika hesabu hiyo walikuwa watu wenye thamani. Alitoa dola 2,580 za zawadi kwa jumla, kikombe kikubwa cha fedha chenye jina lake hadi leo, na kwa bingwa dola 500 pamoja na medali yenye almasi.

Mfumo wa mashindano haukubuniwa New York. Uingereza chama cha wachezaji wa kulipwa kilianza 1901, na mwaka 1903 gazeti la Jumapili, News of the World, lilitoa fedha za mashindano ya shimo kwa shimo kule Sunningdale. James Braid alimshinda Ted Ray 4 kwa 3 kwenye fainali. Wanamaker alikitazama kielelezo hicho akasema nasi tufanye vile. Tofauti ni kwamba kufikia Oktoba 1916 Uingereza ilikuwa vitani, mashindano yake makubwa yamesimamishwa, na vijana wake wako kwenye mahandaki ya Somme. Marekani ilikuwa bado haijaingia.

Haya, twendeni kiwanjani. Siwanoy ilichorwa na Donald Ross, Mskoti wa Dornoch, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu wa klabu. Aliyepiga mkwaju wa kwanza kabisa wa ubingwa huu alikuwa mwalimu wa pale pale, Tom Kerrigan. Napenda sana jambo hili: ubingwa ulifunguliwa na mwenyeji aliyekuwa anawafundisha wanachama wa Siwanoy siku zote za wiki. Hakuwa pambo la ufunguzi tu. Alifika robo fainali, akatolewa na Jim Barnes 3 kwa 1, kisha akarudi kibandani kwake na kuendelea na kazi katika klabu hiyo hiyo hadi 1964.

Vifaa vyenyewe mvione. Vile vijiti vya mbao tunavyochomeka ardhini kuuweka mpira havikuwa vimeenea. Pembeni ya kila mahali pa kuanzia kulikuwa na sanduku la mchanga na ndoo ya maji. Kedi alichota mchanga kwa vidole, akaulowesha, akaufinyanga kuwa kichuguu kidogo, akauweka mpira juu yake taratibu. Makedi, mnacheka, lakini kedi aliyefinyanga vibaya alisikia habari zake mchana kutwa.

Halafu kulikuwa na kanuni ambayo vijana wa leo hawaiamini ukiwasimulia. Kwenye grini siku hizi mpira wa mwenzako ukikaa njiani, anauweka alama anauinua, wewe unapiga. Wakati ule, katika mchezo wa shimo kwa shimo, mpira ulioziba njia ulibaki pale pale, isipokuwa kama mipira miwili imekaribiana ndani ya inchi 6. Ukizibwa, shauri yako. Utapitisha pembeni, au utachukua fimbo ya kuinua uurushe mpira juu ya mpira wa mwenzako pale pale grini, na mwenye kutunza majani akuangalie kwa jicho baya. Kanuni hiyo ilifutwa 1952. Kuna waliosema ni uonevu, kuna waliosema ndiyo roho ya mchezo wenyewe. Kwangu mimi ilikuwa uonevu, ila ningelipa kiingilio kuiona ikitumika.

Kila pambano lilikuwa la mashimo 36, yaani 18 asubuhi, chakula, 18 mchana. Raundi tano, siku tano. Aliyefika fainali alijua kwamba akivutwa hadi mwisho kila siku, miguu yake itakuwa imepita mashimo 180 kati ya Jumanne na Jumamosi. Ukimmaliza mtu mapema unapumzika. Ukisuasua, kesho unaamka na mapaja mazito unakutana na mtu aliyelala mapema. Kesho mkiona nimekubali kushindwa haraka, mjue ni mkakati.

Upande mmoja wa ratiba alikuja Jim Barnes, Mwingereza wa Lelant, Cornwall, aliyehamia Marekani 1906. Walimwita Long Jim kwa sababu alikuwa mrefu, zaidi ya futi 6 kwa inchi kadhaa, mwembamba, mkimya, na mara nyingi alicheza huku ameng'ata jani mdomoni, kijiti cha klova. Nusu fainali alimtandika Willie MacFarlane 6 kwa 5. Upande wa pili alikuja Jock Hutchison, mzaliwa wa St Andrews penyewe, mtu wa maneno mengi na wasiwasi mwingi, hatulii. Yeye nusu fainali alikutana na Hagen, ambaye alikuwa ameshakuwa bingwa wa wazi wa Marekani 1914, na mapambano hayo yakafika shimo la mwisho kabisa. Hutchison alishinda kwa mashimo 2. Kwa hiyo fainali ikawa kati ya wale wale wawili waliokuwa wa pili na wa tatu nyuma ya Evans mwezi Juni. Safari hii hapakuwa na bwana wa ridhaa wa kuwatangulia.

Jumamosi jioni wakafika shimo la 36 wakiwa sawa. Baada ya siku nzima, mashimo 35, hakuna aliyekuwa mbele ya mwenzake. Mipira yote miwili iko grini, na kila mmoja amebakiwa na futi 5 hivi kuingia shimoni. Hakuna aliyeweza kusema kwa macho tu nani yuko mbali zaidi.

Nataka tusimame hapo, maana mtu asiyecheza mchezo huu atasema: kuna shida gani, si apige yeyote? Shida ipo. Katika kuhesabu mikwaju, ukipiga kabla ya zamu yako kwa bahati mbaya, hakuna adhabu. Katika shimo kwa shimo, mwenye kuwa mbali ndiye anayeanza, na ukimtangulia, mwenzako ana haki ya kukuambia: futa huo, rudia. Kama ulikuwa umeingiza mpira, umefutiwa ubingwa. Kwa hiyo zamu ni mali. Na ni mali ya ajabu, maana hakuna ajuaye kama ni afadhali kuwa wa kwanza au wa pili. Ukianza ukaingiza, umemtwisha mwenzako mzigo wote, na futi 5 zake zinageuka 10. Ukianza ukakosa, umemfungulia mlango.

Wakaita vipimo. Mwamuzi akapima, kwenye nyasi, watu wamesimama duara. Ikaonekana Hutchison ndiye aliye mbali kidogo. Basi aanze yeye.

Mnaweza kuwaza kuhusu muda wenyewe wa kupima. Mtu mkimya kama Barnes, kusubiri hakumpunguzii kitu, pengine anatafuna klova yake tu. Lakini Hutchison, mtu asiyetulia, ameshausoma mteremko, ameshajiandaa, ameshajua atapiga vipi, halafu anaambiwa subiri, kuna utepe unatandazwa mbele ya macho yako kupima ni kwa unywele gani uko mbali zaidi ya mwenzako. Mimi naamini, na haya ni maoni yangu tu, kwamba ubingwa ule uliamuliwa na dakika zile kuliko na mkwaju wenyewe. Kwenye karatasi, mtu wa wasiwasi na mtu mtulivu wanaweza kulingana. Uso kwa uso, jioni, baada ya siku tano, hawalingani.

Hutchison akapiga. Haukuingia.

Barnes akapiga. Ukaingia. Bingwa wa kwanza, kwa shimo moja.

Vita ikafika Marekani Aprili 1917, na ubingwa haukuchezwa mwaka huo wala 1918. Uliporudi 1919, huko Roslyn, New York, Barnes akaushinda tena. Hutchison naye hakufa na deni lake: 1920, karibu na Chicago, akaupata kwa shimo moja lile lile, safari hii dhidi ya Douglas Edgar. Mwaka uliofuata akaenda kwao St Andrews akarudi na kikombe cha Open, ubingwa wa wazi wa Uingereza.

Na Hagen? Hagen ndiye aliyekuja kuonyesha mchezo wa shimo kwa shimo ulivyo kazi ya kichwa. Mwaka 1920 alipokwenda Uingereza kucheza Open kule Deal, na kukuta wachezaji wa kulipwa hawaruhusiwi nyumba ya klabu, alikodi gari la kifahari na dereva wake, akaliegesha mbele ya mlango wa wanachama, akawa anabadilishia nguo humo. Mwaka huo huo, kule Toledo, Ohio, klabu ya Inverness iliwafungulia wachezaji wa kulipwa milango yake kwenye ubingwa wa wazi wa Marekani. Nao wakaichangia klabu hiyo saa kubwa ya kusimama kama shukrani. Hata hasira zao zilikuwa na adabu.

Hagen alitwaa ubingwa wa chama 1921, kisha mara nne mfululizo, 1924 hadi 1927. Katikati yake kuna 1923, klabu ya Pelham, New York, na hiyo siwezi kuiruka. Alikutana fainali na Gene Sarazen, mtoto wa seremala Mwitaliano aliyezaliwa kwa jina la Eugenio Saraceni, kedi wa zamani naye, miaka 21. Mashimo 36 hayakutosha. Wakaongeza la 37, sare. La 38, Sarazen akapeleka mpira wake kushoto sana, kwenye majani marefu karibu na mpaka wa kiwanja. Wengi walidhani umetoka nje. Ulikuwa ndani. Akaupiga kutoka kule hadi karibu kabisa na shimo, futi mbili hivi. Hagen, ambaye alikuwa katikati ya njia na kila kitu kinamnyookea, akaushuhudia mpira ule ukitua, kisha wake akautumbukiza kwenye banka la mchanga. Alijitahidi kutoka, ukapita karibu na shimo, haukuingia. Huo ndio mchezo wa shimo kwa shimo: mkwaju wa mwenzako unaingia mikononi mwako.

Baadaye Hagen alipoteza kile kikombe cha Wanamaker. Yaani alikipoteza kabisa, hakijulikani kiko wapi, na kwa kuwa aliendelea kushinda hapakuwa na wa kumdai. Alipofungwa na Leo Diegel 1928 ndipo ikabidi aseme kweli. Kilikuja kuonekana baadaye Detroit, kwenye ghala la kampuni iliyokuwa ikitengeneza vifaa vyake. Nahodha, naomba kombe letu lisitoke nje ya kabati.

Mfumo huu ulidumu hadi 1957. Haukuuawa na wachezaji, uliuawa na hesabu za televisheni. Pambano linaweza kuisha shimo la 13, na kamera zimewekwa la 18. Mastaa wanaweza kutolewa siku ya kwanza, na fainali ikachezwa na watu wawili ambao mtazamaji hawafahamu. Na ulikuwa mzigo kwa mwili: Ben Hogan, baada ya ajali mbaya ya gari ya 1949, miguu yake haikutaka tena mashimo 36 kwa siku, siku baada ya siku. Fainali ya mwisho, Dayton, Ohio, Lionel Hebert alimshinda Dow Finsterwald. Mwaka uliofuata wakahesabu mikwaju, na aliyeshinda akawa Finsterwald.

Kuna jambo moja nisilopenda kuliacha, hasa mbele ya hadhira hii. Chama hiki kilichozaliwa na watu waliochoka na mlango wa nyuma, mwaka 1934 kiliandika kwenye katiba yake kwamba uanachama ni wa watu weupe tu. Weusi waliocheza gofu kwa riziki walikuwepo: John Shippen alicheza ubingwa wa wazi wa Marekani tangu 1896. Bill Spiller na Ted Rhodes walikwenda kucheza Richmond, California, 1948, wakazuiwa, wakafungua kesi, wakapewa ahadi ambazo hazikutimizwa. Spiller aliwahi kubeba mizigo ya abiria stesheni ya reli Los Angeles, na miaka ya mwisho ya mgogoro alikuwa anabeba mifuko ya gofu kwenye klabu moja ya jiji hilo. Kedi. Siku moja akiwa kazini, mwanachama aliyekuwa akimbebea alimuuliza kwa nini hachezi mashindano, naye akamweleza. Mwanachama huyo akampa habari Stanley Mosk, mwanasheria mkuu wa California. Mosk akawaandikia chama: kwa kanuni hiyo hamtachezea hata kiwanja kimoja cha umma katika jimbo hili. Alipoona wanageukia klabu binafsi, akawaambia nazo pia.

Ubingwa wa 1962 ulikuwa umepangwa kufanyika Los Angeles. Chama kikauhamishia Aronimink, Pennsylvania. Lakini Mosk alikuwa ameanza kuwaandikia wanasheria wakuu wa majimbo mengine, na Novemba 1961 kanuni ikafutwa. Kufikia hapo ule mchezo wa uso kwa uso ulikuwa umeshaondolewa kwenye ubingwa huo miaka minne. Spiller alikuwa na miaka 48. Hakuwahi kuucheza ubingwa huo.

Mwenyekiti ananionyesha saa tena. Naona mkono umeinuka pale mbele, kwa makedi. Karibu, kijana, uliza.